Neno la Mwaka: Je, Tunalichagua au Tunalipokea?

Mwishoni mwa mwezi Novemba, katika juma la mwisho la mwaka wa Kanisa, mama mmoja alifika ofisini parokiani. Tulisalimiana, akaketi, kisha akatoa mkobani kadi ndogo iliyochakaa pembe na kuiweka mezani. Alikuwa ameichota katika kikapu usiku wa mkesha wa mwaka mpya, alipoalikwa na jirani zake kusali pamoja nao, na tangu usiku ule ilibandikwa ukutani juu ya kitanda chake. Kwenye kadi hiyo iliandikwa aya ya kumi na moja ya sura ya ishirini na tisa ya Kitabu cha Nabii Yeremia, ile ambayo Mungu anawahakikishia watu wake kwamba anawakusudia mema, na kwamba wanayo kesho ya kuitazamia. Aliyewagawia kadi alikuwa amewaambia kwamba kila mmoja ameshika mkononi neno lake la mwaka.

Mwezi Aprili mume wake alifariki dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi.

"Padre," aliniuliza, "neno langu lilikosea, au ni mimi sikuliamini vya kutosha?"

Kwa ruhusa yake nalisimulia jambo hili bila kumtaja jina, kwa maana naamini swali lake si lake peke yake. Kila mwaka unapokaribia kwisha, waamini wengi hutafuta neno la kuwaongoza katika mwaka unaokuja. Desturi hiyo inaweza kuwa njia njema ya kumfuasa Kristo, na inaweza pia kuuacha moyo wa mtu ukiwa umevunjika, kama ulivyokuwa moyo wa mama huyu. Yafaa basi tuelewe desturi yenyewe ni nini, Kanisa linaifahamu kwa namna gani, na jinsi ya kuifuata bila kupotoka.

Desturi yenye mizizi ya kale

Siku hizi wapo watu wanaoacha kuandika orodha ndefu ya maazimio ya mwaka mpya, wakachagua neno moja tu: Subira, Shukrani, Kusamehe, Uaminifu. Hoja yao ina busara. Orodha ya maazimio kumi husahaulika kabla ya Kwaresima kuanza, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mtaka yote hukosa yote. Neno moja hukumbukika. Mtu huweza kwenda nalo shambani, sokoni, darasani au ndani ya daladala.

Mkatoliki hana sababu ya kudhani kwamba jambo hili ni geni katika nyumba yake. Karne ya nne, katika majangwa ya Misri, wamonaki vijana walikuwa na mazoea ya kumwendea mzee wa kiroho na kumwomba neno. Hawakuja kuomba mhadhara. Waliomba sentensi moja ya kuwafaa, wakarudi nayo katika vijumba vyao na kuishi nayo kwa miezi au miaka. Kabla yao, Mtakatifu Antoni Abati, kama anavyosimulia Mtakatifu Atanasi, aliingia kanisani akiwa kijana aliyefiwa na wazazi wake miezi michache tu iliyopita, akasikia ikisomwa Injili ya Mathayo ambamo Yesu anamwambia tajiri akauze mali zake na kuwapa maskini. Antoni alitoka kanisani akayafanya hayo.

Hata leo, askofu anapowekwa wakfu huchagua maneno machache yanayoandikwa chini ya ngao yake, nayo humsindikiza mpaka kaburini. Maneno ya Baba Mtakatifu Fransisko, yanayohusu kuhurumiwa na kuitwa, yalitoka katika mahubiri ya Mtakatifu Beda juu ya wito wa Mathayo mtoza ushuru. Mtakatifu Yohane Paulo II, akitafakari namna Mtakatifu Louis-Marie Grignion de Montfort alivyojitoa kwa Mama Maria, alichagua maneno mawili ya Kilatini, "Totus Tuus", yaani "wako kabisa". Katika kila kikanisa cha Masista Wamisionari wa Upendo duniani, kando ya msalaba, limeandikwa neno la Yesu juu ya kiu yake, na kiu hiyo ndiyo Mtakatifu Teresa wa Calcutta aliyoitumikia katika miili ya maskini.

Hata Kanisa zima limewahi kupewa neno la namna hiyo. Tarehe 6 Januari 2001, Yubilei Kuu ilipofungwa, Yohane Paulo II alitoa barua ya kitume Novo Millennio Ineunte. Humo aliwaelekeza waamini kwenye agizo la Yesu kwa Simoni la kusogea mpaka kilindini, kama neno la kuingilia nalo katika milenia mpya.

Ndugu msomaji, angalia jambo moja katika mifano hii. Antoni hakuingia kanisani akiwa na neno mfukoni, alilikuta likisomwa. Mama Teresa hakuibuni kiu ya Kristo. Hakuna hata mmoja wao aliyeanza kwa kujiuliza, "Mwaka huu natamani nini?"

Azimio na neno

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Azimio ni ahadi ninayoitoa mimi. Nimejitazama, nimeona upungufu, nimeamua kubadilika. Ni jambo jema, na ahadi ni deni. Lakini chanzo chake na kipimo chake ni mimi mwenyewe. Neno katika maana ya Biblia hutoka nje yangu. Hunijia, hunikuta, na mara nyingi hunikuta nikielekea kwingine.

Mtoto Samweli alikuwa amelala hekaluni aliposikia anaitwa kwa jina, na mara tatu alimkimbilia mzee Eli kwa sababu hakuwa bado ameijua sauti ya Bwana (1 Sam 3). Simoni alikuwa amechoka, anaosha nyavu baada ya usiku mtupu, na ujuzi wake wote wa uvuvi ulimwambia kwamba hakuna samaki. Hata hivyo aliteremsha nyavu, na sababu pekee aliyoitoa ni kwamba Yesu amesema (Lk 5:1-11). Angejichagulia neno la siku ile, nadhani angechagua "Pumziko".

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Dei Verbum iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, unafundisha kwamba katika Maandiko Matakatifu Baba aliye mbinguni huwajia watoto wake kwa upendo na kuzungumza nao (n. 21). Ikiwa ni mazungumzo, basi wajibu wetu wa kwanza ni kusikiliza. Anayeingia katika mazungumzo akiwa amekwisha kuamua jibu atakalopewa hatasikia anachoambiwa.

Hatari ya kwanza: neno kugeuzwa hirizi

Turudi kwenye kadi ya yule mama. Kuchota aya kwa bahati ni jambo la zamani, na Mababa wa Kanisa walilijua. Mtakatifu Augustino mwenyewe aliongoka mwaka 386, bustanini huko Milano, alipokifungua kitabu cha Mtume Paulo na kusoma mahali macho yake yalipoangukia. Lakini Augustino huyohuyo, alipokuwa askofu, aliandika katika barua yake ya 55 kwa Januari kuhusu watu waliopiga kura kwa kurasa za Injili. Alikiri kwamba ni afadhali wafanye hivyo kuliko kwenda kwa mashetani. Hata hivyo, hakupendezwa na desturi ya kuyageuza maneno ya Mungu kuwa chombo cha kuulizia biashara na mambo ya maisha haya yapitayo. Mwaka 506, Mtaguso wa Agde, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, ulikataza waziwazi kutabiri mambo yajayo kwa kutumia Maandiko.

Je, Augustino alijipinga mwenyewe? La. Kule bustanini aliambiwa namna ya kuishi: aachane na uasherati na ulevi, amvae Kristo (Rum 13:13-14). Hakuambiwa yatakayompata. Neno la Mungu lilimdai badiliko, naye alilitoa. Wale aliowakemea walitaka kujua kesho italeta nini, na ikiwezekana kuilazimisha ilete wanachotaka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba nyuma ya kila namna ya kutabiri imo tamaa ya kuwa na mamlaka juu ya wakati (n. 2116), na kwamba hata sala na ishara takatifu zinaweza kugeuka ushirikina pale mtu anapotegemea tendo la nje tu pasipo moyo unaohitajika (n. 2111). Aya ya Biblia iliyobandikwa ukutani ili kuzuia msiba haijawa tofauti sana na hirizi iliyoshonwa ndani ya ngozi.

Siwalaumu waliomgawia mama yule kadi. Walimtakia mema, na waliyoyaandika ni maneno ya Mungu kweli. Tatizo ni kwamba kadi ilibeba aya moja, ikaacha barua nzima.

Kadi iliacha nini?

Nilimwomba mama tufungue Biblia, tukasoma pamoja sura ya 28 na ya 29 za Yeremia, polepole. Nakusihi nawe ufanye hivyo jioni moja ya siku hizi.

Mwaka 597 kabla ya Kristo, mfalme wa Babeli alimchukua mateka mfalme Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi wa Yerusalemu. Waliobaki walijiuliza itakuwa lini warudi. Ndipo Hanania, nabii aliyependwa na watu, aliposimama hekaluni na kutangaza kwamba kabla ya miaka miwili kwisha nira ya Babeli itavunjwa na wote watarejea. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni kama ishara. Jibu lake la kwanza lilikuwa "Amina", maana naye aliwatakia watu wake mema. Lakini akaongeza kwamba nabii anayetabiri amani hutambulikana pale neno lake linapotimia. Hanania aliitwaa ile nira akaivunja mbele ya umati. Bila shaka wengi walifurahi. Hata hivyo, neno lililomjia Yeremia baadaye lilikuwa zito: nira ya mti imevunjwa, na badala yake imekuja ya chuma.

Ni baada ya hapo ndipo tunapoikuta barua ya sura ya 29. Yeremia anawaandikia wale walioko uhamishoni. Anawaambia wajenge nyumba na kukaa humo, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza watoto wao, wautafutie amani mji uleule waliochukuliwa mateka na kuuombea kwa Bwana. Anawaonya wasidanganywe na manabii na waaguzi waliomo kati yao. Kisha, katika aya ya kumi, anawaambia muda: miaka sabini. Mwanamume wa miaka thelathini aliyeisikiliza barua ile alijua kwamba atazikwa Babeli. Na hapohapo, mara baada ya miaka sabini kutajwa, inakuja aya ya kumi na moja, ile ya kadi.

Mama alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema, "Kumbe waliambiwa hivyo wakiwa bado kwenye shida."

Ndivyo ilivyo. Ahadi ya Mungu katika aya ile haisemi kwamba mwaka huu hapatakuwa na jeneza mlangoni. Inasema kwamba waliochukuliwa mbali hawajasahauliwa, na kwamba Mungu anaendelea na kazi yake hata katika nchi ambayo wasingeichagua. Nayo inakuja pamoja na kazi ya kufanya: jenga, panda, ombea mji. Mama huyu hakukosa imani. Alipewa nusu ya neno, akaachwa aubebe msiba mzima kwa nusu hiyo.

Ndiyo maana nawaomba waamini wawe waangalifu wanaposikia mwaka ukitangazwa kuwa wa ushindi, wa kuinuliwa au wa mavuno kwa kila aliyepo. Mungu aweza kabisa kumwinua mtu. Lakini Kristo, aliye Neno la Baba, alipotuita alitaja msalaba wa kila siku (Lk 9:23), na neno la mwaka lisiloweza kusomwa kando ya kitanda cha mgonjwa halijafika bado kwenye Injili.

Hatari ya pili: neno kubaki pambo

Ipo hatari nyingine, tulivu zaidi, nayo huwapata zaidi watu wa dini, mapadre tukiwemo. Neno huchaguliwa kwa sababu linapendeza, huandikwa vizuri, hupigwa picha na kutumwa kwa marafiki, kisha haliigusi siku hata moja.

Mwaka wangu wa kwanza wa upadre nilijichagulia neno "Huduma". Nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa shajara. Ilipofika Pentekoste, padre mzee niliyekuwa naungama kwake aliniuliza, tukiwa tunakunywa chai, neno hilo limenifanya nini. Sikuwa na jibu. Akaniambia, kwa upole lakini bila kuzunguka, "Hilo umelichagua kwa sababu unapenda kulisikia. Mimi nimesikia kwamba katekista wako hajawahi kumaliza sentensi mbele yako." Akanituma nisome Yakobo 1:19, mahali Mtume anapotaka kila mtu awe mwepesi wa kusikia na asiwe na haraka ya kusema. Tangu siku ile neno langu ni "Kusikiliza", na sijalimaliza.

Nilipata faraja niliposoma habari za Abba Pambo wa Misri, ambaye maisha yake hayakuwa na pambo lolote zaidi ya jina. Mwanahistoria wa Kanisa Sokrate, wa karne ya tano, anasimulia kwamba Pambo hakujua kusoma, hivyo alimwendea mwenzake amfundishe zaburi. Alipousikia mstari wa kwanza wa Zaburi ya 39, unaohusu kuchunga njia zako ili usikosee kwa ulimi, alimzuia mwalimu asiendelee na wa pili. Alisema huo mmoja unamtosha, akiweza kuutenda. Miezi sita baadaye mwalimu alimuuliza mbona hajarudi kwa mstari wa pili, naye akajibu kwamba wa kwanza bado hajajifunza kuutekeleza. Miaka mingi baadaye mtu mwingine alimuuliza kama sasa ameuweza. Akajibu kwamba kwa miaka kumi na tisa amefaulu kwa shida.

Pambo anatufundisha kwamba kulijua neno na kulishika ni mambo mawili. Mtume Yakobo anamlinganisha anayesikia tu na mtu ajitazamaye katika kioo, kisha akienda zake husahau sura yake (Yak 1:22-25). Kioo hakina kosa. Uso ndio haukuoshwa.

Namna ya kulipokea

Basi, mtu afanye nini siku hizi za kuuaga mwaka na kuupokea mwingine? Napendekeza njia iliyo rahisi, ambayo kila familia na kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo yaweza kuifuata.

Kwanza, usiwe na haraka. Hakuna amri kwamba neno lipatikane kabla ya saa sita usiku tarehe 31 Desemba. Mwaka wa Kanisa ulikwisha kuanza Dominika ya kwanza ya Majilio, na mbele yetu ipo Dominika ya Neno la Mungu, ambayo Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka kwa barua Aperuit Illis ya tarehe 30 Septemba 2019, iadhimishwe Dominika ya Tatu ya Mwaka. Jipe majuma hayo, toka Noeli mpaka Dominika hiyo.

Pili, lisikilize Kanisa linasoma nini. Masomo ya Misa za kipindi hiki ni hazina, nayo hayakuchaguliwa na matamanio yako. Soma kila siku Injili ya siku husika na uweke alama mahali panapokuchoma au kukusimamisha. Mara nyingi neno lako limejificha pale ambapo ungependa kuruka.

Tatu, soma sura nzima. Ukiwa umevutwa na aya moja, soma iliyotangulia na inayofuata, uulize nani anasema, anamwambia nani, katika hali gani. Kadi ya yule mama inatosha kuwa fundisho.

Nne, sali nalo kwa utaratibu. Katika karne ya kumi na mbili, mmonaki Guigo II wa Wakartusi alieleza ngazi yenye vidaraja vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kumtazama Mungu kwa upendo. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wa Verbum Domini wa mwaka 2010, aliongeza kwamba usomaji huu haukamiliki mpaka umfikishe mtu kwenye tendo (n. 87).

Tano, mweleze mtu mwingine. Samweli asingeitambua sauti ya Bwana bila mzee Eli. Mwambie muungamishi wako, au mume au mke wako, au mwenzako katika jumuiya mwenye busara, na umuulize kama neno hilo linakufaa. Wanaoishi nasi wanajua tunachohitaji kusikia. Neno lisilopatana na wajibu wa hali yako ya maisha lichunguzwe upya: baba wa watoto wadogo asijichagulie "Upweke", na mwanafunzi asijifiche nyuma ya "Pumziko".

Kulitunza mwaka mzima

Neno likishapokelewa, lipewe tendo moja linaloonekana. Kama neno lako ni "Kusamehe", taja ni nani. Pengine ni ndugu yako ambaye hamjasalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Panga siku ya kwenda kwake. Kama ni "Ukweli", anza na mizani ya dukani au hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Kama familia imepokea neno "Kukaa pamoja", simu zikae mbali wakati wa chakula cha jioni. Isaya analinganisha Neno la Mungu na mvua ambayo hairudi juu bila kuinywesha ardhi na kuichipusha (Isa 55:10-11). Mkulima huipima mvua kwa kuchimba udongo na kuona umelowa kiasi gani.

Kwa ajili ya kujipima, Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatoa msaada mzuri katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho. Anashauri mtu apambane na jambo moja tu kwa wakati mmoja: asubuhi akumbuke alichokusudia, mchana na jioni ajichunguze, na kila mara aweke alama katika mistari aliyoichora kwenye karatasi. Kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Mtu aliyezoea kuandika mauzo ya duka au lita za maziwa hatashindwa na daftari la namna hiyo. Alama zikizidi, asijifiche. Azilete kwenye sakramenti ya Kitubio, ambako anguko halihesabiwi kuwa mwisho wa neno.

Na usilibebe peke yako. Jumuiya inapokutana kusoma Injili ya Dominika, mara moja kila mwezi watu waulizane kwa upendo: neno lako linakwendaje? Swali hilo moja limewasaidia wengi kuliko mawaidha marefu.

Mwaka unaofunguliwa kwa Jina

Tarehe 1 Januari, Mama Kanisa anaadhimisha Sherehe ya Bikira Maria Mama wa Mungu, ambayo tangu mwaka 1968 ni pia Siku ya Kuombea Amani Duniani. Somo la kwanza ni baraka ambayo Mungu aliwafundisha makuhani wa Israeli kuitamka juu ya watu (Hes 6:22-27). Injili inamweleza Mtoto akipewa jina siku ya nane, jina lililotajwa na malaika kabla hajatungwa mimba (Lk 2:16-21). Kwa hiyo kabla sisi hatujachagua neno lolote, mwaka umekwisha kufunguliwa kwa baraka ambayo hatukuistahili na kwa Jina ambalo hatukulibuni. Maneno yetu yote ya mwaka ni makombo ya mkate huo mmoja, Yesu Kristo, Neno aliyefanyika mwili.

Injili hiyohiyo inasema kwamba Maria aliyaweka mambo yale yote moyoni mwake na kuyatafakari. Hakuambiwa kwamba mwaka ule atakimbilia Misri usiku, wala kwamba upanga utakaotajwa na Simeoni utakuwa na sura ya Kalvari. Aliyashika aliyoyapokea, akayafuata yalikompeleka.

Yule mama alirudi ofisini siku chache kabla ya Noeli. Aliniambia kwamba kadi bado iko ukutani, hakuitoa. Chini yake ameandika kwa kalamu neno la aya ya tano, lile la kupanda bustani. Nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi ambacho marehemu mume wake alikuwa akikilima, nacho kimelala tangu Aprili. Mvua zikianza kutulia, alisema, atapanda mchicha na maharage, na matuta mawili ya mwisho yatakuwa ya jirani yake aliyemwalika kwenye mkesha ule.

Nawatakieni nyote mwaka wenye baraka. Bwana awape neno lake, na neema ya kulishika.